Kurasa za Jumatano

Swali la tisa kwenye fomu ya shule liliuliza kama mtoto ana tabia ya kutoroka. Kulikuwa na viboksi viwili, ndiyo na hapana. Niliweka tiki kwenye hapana. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikosea kwa kutojua. Nilijua.

Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika kila siku nimeanza kwa kuagizwa. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Binti yangu ana miaka saba. Haongei. Anavuma kwa pua, sauti moja ndefu, na ukimzoea unajua kama ni ya njaa au ya raha. Zahanati waliniambia atachelewa tu kuongea, na siwalaumu, maana wapo waliochelewa na leo hawanyamazi. Alipofika miaka mitano, daktari mmoja wa watoto mjini Arusha ndiye aliyetamka neno usonji. Nilimwomba aniandikie, niliogopa nitalisahau kabla sijafika nyumbani. Alisema si ugonjwa kwamba utapona, ndivyo alivyo, ila anafundishika akipata watu wa kumfundisha. Nikamuuliza hao watu wako wapi. Alifikiri kidogo, akageuza ile karatasi, akaandika nyuma yake kituo kimoja cha Moshono chenye dada wa mazoezi anayewafundisha watoto kama hawa. Akasema hana uhakika kama bado kipo.

Kilikuwepo, ila tulisubiri nafasi karibu mwaka mzima. Dada wa mazoezi ni mdogo kwangu kwa umri. Siku ya kwanza alikaa chini sakafuni na mtoto, hakuniuliza kitu mpaka mwisho. Ndipo akanipa kazi.

"Mama, nunua daftari. Kila siku andika kilichowasumbua. Kabla yake kulikuwa na nini, wakati wake ikawaje, baada yake mlifanya nini. Usinichagulie. Hata kama ni aibu, andika."

Mchana mimi niko Usa River kwenye shamba la maua, napanga maua kwa urefu wake, na baba wa mtoto anapikia watalii mbugani, anarudi mara moja kwa mwezi. Mtoto hushinda na bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Kwa hiyo jioni mama mkwe ananisimulia, mimi naandika. Yeye hasomi. Hajawahi kunificha kitu, hilo lazima niliseme.

Jumatano ya kwanza aliniambia, "Leo nilimfunga."

"Ulimfunga wapi, mama?"

"Kwenye nguzo ya banda. Kwa kamba ya ndama. Mguuni, sio pengine. Nilikuwa namwagilia."

Huku kwetu mlimani maji ya mfereji ni ya zamu. Yetu ni Jumatano, kuanzia kunapokucha hadi saa sita. Muda huo lazima mtu awe shambani na jembe, afungue hapa, azibe pale, maharage na migomba vipate. Ukikosa, unasubiri wiki nzima. Mama mkwe ni mtu mzima sana na magoti yake ni mabaya. Na binti yangu anapenda maji kwa namna inayonitisha. Mwaka juzi alipanda na mfereji peke yake, tukamkuta juu kule unakoanzia mtoni, ameketi maji yamefika kifuani, anavuma ile sauti ya raha. Ana kifuniko cha ndoo ya siagi hakimtoki mkononi. Alikuwa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Kamba ilianza baada ya siku ile. Mimi nilijua ipo, na kila asubuhi ya Jumatano niliondoka kwenda kazini.

Basi niliandika kama nilivyosimuliwa. Nilipoyasoma, yalikuwa mengine kabisa. Bibi alimfunga mguu kwa kamba ya ndama. Nikaona mtu wa ustawi wa jamii anayasoma. Nikaona gari la polisi limesimama chini kwenye njia yetu na mama mkwe anapandishwa nyuma na kitenge chake cha kanisani, na mtoto anachukuliwa kupelekwa sijui wapi, kwa watu wasiojua sauti yake. Nilichana ule ukurasa, nikautia motoni jikoni.

Jumatano iliyofuata niliandika tena, nikachana tena. Na iliyofuata. Sijui kwa nini niliendelea kuandika kitu nilichojua nitakichoma. Labda niliogopa kutomtii yule dada, halafu nikaogopa kumtii. Siku za kwenda Moshono nilimvalisha soksi ndefu, maana kamba ilikuwa imeacha mstari juu ya kifundo. Yeye hawezi soksi, anazivuta. Nilikuwa nakaa pale kituoni nimemshika miguu, natabasamu.

Siku dada alipokagua daftari, karatasi moja iliponyoka ikaanguka chini. Daftari la pini ukichana ukurasa wa mbele, mwenzake wa nyuma unalegea. Aliiokota.

"Madaftari ya siku hizi, mama. Hayana tofauti na mabucha, kila siku yanapunguza nyama."

Nilicheka naye. Ninaposema ninaogopa, hicho kicheko ni kimojawapo cha vitu ninavyoviogopa.

Alifunua, akafunua. "Naona makelele, naona kukataa chakula, naona kunyolewa. Sioni kutoroka. Wengi wa hivi hutoroka. Huyu hatoroki?"

"Hatoroki."

"Una bahati."

Akaandika hivyo kwenye barua ya kunipeleka shule moja ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Kosa si lake. Mwalimu wa kitengo alikuwa ameshaniambia mapema, bila kuzunguka: "Tuko wawili, mama, na uzio hatuna. Anayekimbia siwezi kumpokea. Sio kwamba simpendi." Hiyo ilikuwa shule ya tatu kuulizia. Mbili za kwanza hazikuwa na kitengo kabisa. Kwa hiyo nilijua jibu gani linafunga mlango.

Jumatatu ya kuanza nilipewa ruhusa ya asubuhi. Mwalimu alimpokea mtoto kwa mkono mmoja, mwingine una vikombe vya uji.

"Nenda, mama. Ukiendelea kusimama hapo mlangoni nitakuandikisha na wewe, urudie darasa la kwanza."

Nikaondoka kwa njia ya nyuma, inakata kwenda barabarani. Nilipopita vyoo nikasikia maji.

Siku ya kuandikisha mfereji ule ulikuwa mkavu, nikaupita nikidhani ni shimo la taka. Kumbe unaingia kwenye bustani ya shule, na zamu ya shule ni Jumatatu. Maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya chai, yanakwenda kasi.

Nitaandika nilichofanya. Nilitembea hatua kama ishirini kuelekea barabarani. Nilijiambia wapo walimu wawili, nilijiambia darasa lina mlango. Nilijiambia nikirudi sasa hivi tumekosa shule. Halafu miguu ikakataa, nikarudi mbio.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Soksi zilikuwa sakafuni, zote mbili. Mwalimu alikuwa amempa mgongo, anafuta uji uliomwagwa na mtoto mwingine. Sikumwita. Nilizunguka nyuma ya vyoo nikimtafuta kwa masikio, nikamsikia kabla sijamwona, anavuma. Alikuwa amesimama kwenye mfereji, maji yanapita magotini, anainama na kifuniko chake. Nilimshika gauni nikamvuta mpaka tukaanguka wote kwenye tope.

Mwalimu alifika anahema. Alitazama maji, akatazama ule mstari juu ya kifundo.

"Barua inasema hatoroki."

"Aliyeiandika nilimdanganya," nikasema. "Na huo mstari ni wa kamba. Ni siku za maji tu, mwalimu, bibi yake anakuwa peke yake."

Nilimweleza yote nikiwa nimekaa pale chini. Nilipomaliza akasema, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watoto, "Ningempoteza mimi. Wangesema mwalimu. Wewe ungekuwa kwenye maua yako, na mimi ningekuwa nalieleza shauri hili maisha yangu yote."

Nikainuka na mtoto, tope linatuchuruzika. Mwalimu akasema:

"Nenda naye. Lete barua ya kweli. Nafasi siahidi."

Kesho yake nilikwenda Moshono bila miadi, na daftari. Dada alisikiliza, kisha akalifungua na kuanza kugusa kwa kidole vile vipande vilivyobaki kwenye pini. Jumanne, kipande, Alhamisi. Jumanne, kipande, Alhamisi.

"Mama," akasema, "hizi ndizo nilizokuwa nazitafuta."

Kama alikasirika, alificha. Alisema kamba iishe leo, hilo hana la kubembeleza. Alisema kumnyima maji hakutasaidia, apewe maji, lakini siku ya zamu awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni yeye tu. Alinichorea kwenye kipande cha boksi picha ya mfereji na picha ya beseni, nimwonyeshe ya beseni maji yakikatika. Kisha akaniambia niende nikaandike upya kurasa nilizochoma, na kwamba kamba itakuwemo kwenye barua.

"Watatuita ustawi?"

"Wanaweza kuwaita. Nitaandika pia sababu, na mnachofanya sasa."

Jumatano sikwenda kazini. Mama mkwe alishika jembe, mimi nikashika gauni la mtoto kuanzia kunapokucha hadi saa sita, vidole vikafa ganzi. Mtoto alichota na kumwaga muda wote. Maji yalipokatika nikamwonyesha picha ya beseni. Hakuitazama. Alijitupa chini akalia mpaka saa nane. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri nikakaa na daftari, nikaandika upya zile kurasa nilizochoma, mama mkwe akavuta kigoda.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika, mama."

"Na kamba?"

"Na kamba."

"Soma."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika saa nne. Akatikisa kichwa.

"Saa tatu. Nilikuwa sijanywa chai. Andika vizuri wasije wakasema tumeongopa. Na kitambaa mbona sikisikii?"

"Kitambaa gani?"

"Nilimzungushia kitambaa kwanza, ndiyo nikafunga. Alikuwa anakivuta, kama soksi. Ndiyo maana ukaona mstari."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unaandika haraka umalize, ukachome."

Kumbe alikuwa anaona moshi. Nikafuta nne nikaandika tatu. Nikaandika kitambaa.

Mwalimu aliisoma barua mpya mara mbili mbele yangu. Alisema atampokea, ila kila Jumatatu mtu wa kwetu aje akae naye nyuma ya vyoo, mpaka shule ipate pa kuupitisha ule mfereji. Ustawi hawajaita. Hawajasema hawataita.

Kwa hiyo Jumatatu mama mkwe ndiye anayekwenda, na kigoda chake. Watoto wa shule wanampa shikamoo kwa mstari, anachoka kuitikia. Mimi nakuwa kwenye maua. Simu hairuhusiwi, ninaificha kwenye buti, na kila ikitetemeka naona maji ya rangi ya chai, ninahesabu shina moja mara mbili. Magoti yake ni mabaya, na mtoto anaongezeka nguvu. Hilo nimemwandikia dada kwenye daftari, bado hajanijibu.

Jioni mama mkwe anaingia, anavua viatu, anakaa.

"Leo alinivuta, nikapiga goti moja kwenye tope," anasema. "Lakini gauni sikuliachia. Andika."