Nilidakia kwamba naijua trance yote, harusi ya Sekei ikanionyesha trance ina makabila

Wakuu, heshima kwenu. Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe mchana kweupe, na anayebisha aende Sekei akaulize.

Kwanza mnijue. Nakodisha mziki hapa Arusha. Shule niliishia darasa la saba, ila spika zangu zikilia Sombetini, Kikwe wanaulizana leo kuna nini. Nilianza na redio moja ya kuungaunga, leo mzigo wangu unajaza Fuso. Sijisifu, ndio ukweli.

Basi ikaja harusi. Binti wa Kimeru anaolewa na kijana wa Kiholanzi, anaitwa Pim.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Nnko, mjomba wa bibi harusi, mtu wa sura ngumu. Ukoo wao harusi haziishi. Ukiwashika wale, umeshika kazi ya maisha.

Kwenye kikao Pim akasema ana ombi moja tu: familia yake ikiingia, iingie na trance, muziki wa kwao wa kielektroniki, kama upande wa mke utakavyoingia na wa kwao.

Kabla hajamaliza nikadakia, "Trance? Naijua yote!"

Mzee Nnko akanitazama. "Wageni wametoka mbali. Ukituaibisha, harusi za ukoo huu utazisikilizia kwa majirani."

Wakuu, trance sikuwa naijua hata harufu. Nikaingia mtandaoni, nikashusha lundo, nikasema kazi imeisha.

Asubuhi ya harusi niko kwenye bustani ya sherehe pale Sekei, nafanya soundcheck, kujaribu mitambo. Nikaachia ya kwanza. Besi inakimbia gidigidigidi kama punda kakata kamba, na juu yake synth, kile kinanda cha umeme, inabubujika kama chura kwenye mtaro.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa anapanga viti. Akashika kiuno. "Baba, huu ni wa kutoa mapepo au wa kuyaita?"

Pim akaja mbio, vifungo vya shati bado. "Hapana, hapana! Huu si wa kwetu!"

Hapo ndipo nikapewa shule.

Kumbe ile ni psytrance. Asili yake fukwe za Goa kule India, halafu Waisraeli wakaja kuikaza. Synth yake inabanwa na kupindwa mpaka inatoa majimaji. Skandinavia nao wana ya giza, unaisikia kama uko msituni peke yako.

Ya kwao Uholanzi na jirani zao Wajerumani ni kabila jingine. Synth inatandazwa pana: sauti nyingi zinapiga noti moja, ila kila moja imepishana kidogo sana na mwenzake. Wanaiita supersaw.

Nikamwambia, "Subiri. Kama matarumbeta ya usharika?"

Maana yale nayo hayajawahi kulingana sawasawa, na ndiyo maana yanajaza kanisa mpaka vinyweleo vinasimama.

Pim hakunielewa, lakini masikio yangu yalishaelewa. Nikapekua lile lundo kwa sikio tu, maana majina hata kuyatamka siwezi. Ya chura weka kule, ya matarumbeta weka hapa. Tukafika moja, Pim akafumba macho. "Hii. Baba alikuwa anaipiga kwenye gari."

Nikaizima, nikaenda kunywa chai. Hilo ndilo lililotaka kunimaliza.

Mchana MC akatangaza. Familia ya Pim inaingia, baba yake mbele, Mzee Nnko kamshika mkono. Wanakanyaga kwa mdundo, safi kabisa.

Katikati ya zulia, ngoma ikapotea.

Ndivyo ya kwao ilivyo. Katikati ngoma na besi vinaondoka, inabaki synth inaelea polepole. Mimi nilisikiliza mwanzo tu!

Msafara ukasimama, mguu mmoja mbele. Nyuma kule mtu akapaza sauti, "Umeme umekatika!"

Kugeuka, namuona Abuu, fundi wangu wa jenereta, kashashika swichi ya kuhamisha moto. Akiivuta tu, kila kitu kinazima kweli.

Nikampokonya MC maiki. "ABUU, USIGUSE!"

Bustani nzima ikaganda. Mama mmoja akarudisha soda yake mezani.

Mzee Nnko ananikazia macho. Mkono wangu uko kwenye mixer. Nikate niweke Bongo Fleva? Nikamtazama Pim. Kaninyooshea kiganja: subiri.

Synth ikaanza kupanda. Vingoma vidogo vikaingia, vinaharakisha, vinazidi kuharakisha. Yule shangazi wa mapepo ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaachia kigelegele. Wenzake wakadaka. Na vigelegele vilipofika juu kabisa, ngoma ikarudi kwa kishindo.

Aisee! Baba yake Pim anaruka, akina mama wanaruka, na Mzee Nnko mabega yanacheza huku uso hautaki.

Mimi nikakaa juu ya spika. Pumzi niliyoshusha ingepuliza tarumbeta.

Baada ya chakula Mzee Nnko akanifuata. Nikainuka, shikamoo yangu ikatoka nusu.

Akasema chini chini, "Binti yangu ana send-off. Ule muziki unaosimamisha watu kwanza, utauleta?"

"Nitauleta mzee."

"Ila yule wa swichi umfunge kamba."

Nilichojifunza: mtu akikwambia muziki wa kwao, muulize kwao wapi, halafu usikilize mpaka mwisho. Kuhusu spika, bado hakuna wa kunigusa mji huu, hilo halijabadilika.

Haya, mafundi wa sauti na ma-DJ mliomo humu: nani kashawahi kupiga muziki wa watu mbele ya wenyewe? Ilikuwaje? Hata wa kubisha waje, leo nina nafasi.