Shangazi Anatolewa Kabatini

Kazini walimwita Mpangaji, na jina hilo lilimletea utani usiokwisha. Mlinzi wa getini hakuacha kumuuliza kama kodi ya mwezi amekwisha kulipa. Lakini alichopanga yeye ni saa za mkononi, zile ambazo bei yake mtu huitaja kwa sauti ya chini.

Kampuni ilianza na toleo moja tu: saa nyembamba ya dhahabu yenye mkanda wa ngozi. Sasa matoleo yalijaa makabati hata wauzaji wenyewe wakayachanganya. Mkurugenzi akisafiri, hurudi na wazo. Akiugua mafua, huamka na wazo. Na kila wazo lake lilizaa saa.

Mpangaji aliona kwamba mambo yakiendelea hivyo, mteja atachoka kabla hajagusa pochi. Akazigawa saa kwa koo. Ile ya kwanza akaiita Babu, isiyoguswa hata isipouzwa mwaka mzima, maana wengine wote walipata heshima kwake. Saa za wapiga mbizi, zenye vifua vipana, zikawa Wajomba. Ile ya kike iliyozungushiwa vito ikawa Shangazi. Hakuna saa iliyoingia kabatini bila kujulikana ni mtoto wa nani, na mgeni hakupata kitanda mpaka mwenyeji mmoja aondoke. Wauzaji wakaipenda lugha hiyo. Mteja akiuliza kwa nini saa mbili zina mashine ileile, hujibiwa, "Hao wametoka tumbo moja."

Ubaya ni kwamba Mpangaji aliizoea mno lugha hiyo, akaenda nayo nyumbani. Na nyumbani kulikuwa na shangazi wa kweli.

Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea na kumsomesha, na nyumba waliyokaa ilikuwa yake. Jamaa wote walilijua hilo, na asiyelijua alielezwa. Katika ukoo ule, mtu aliyesomeshwa akamdharau mlezi wake angebaki akisemwa hata na watoto ambao hawajazaliwa.

Jumamosi moja asubuhi, Mpangaji alikuwa kibarazani akizungumza kwa simu na msimamizi wa maduka. Shangazi alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akikunja nguo.

"Shangazi ndiye tatizo," Mpangaji alisema. "Amekaa mno, hatazamwi na mtu, anakula nafasi bure." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Mapambo anayo, sikatai. Lakini kwa umbo lile, nani atamchukua? Hapana, kumkarabati ni hasara. Ijumaa anatoka. Nafasi yake anaingia yule binti mwembamba. Mkurugenzi amempenda, na mimi pia."

Alipoingia sebuleni alikuta begi kubwa katikati ya sakafu, limefungwa, na Shangazi akiwapigia simu jamaa mmoja baada ya mwingine.

"Mpangaji anamfukuza mwenye nyumba!" alikuwa akisema. "Mmewahi kusikia hayo? Eti kwa umbo langu!"

Mkewe Mpangaji alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Na huyo binti mwembamba ni nani?"

"Ni saa!"

"Sikukuuliza saa. Nimekuuliza ni nani."

Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Kila akisema "saa," mkewe aliitazama ile ya ukutani. Mwishowe akapiga magoti mbele ya begi.

"Shangazi, nakuomba jambo moja tu. Twende kazini ukamwone Shangazi."

"Nikajione?"

"Ukamwone. Ukirudi bado una hasira, begi nitakubebea mwenyewe."

Wakaenda watatu. Kwenye chumba cha maonyesho walimkuta Mkurugenzi akizunguka kabati moja hadi jingine kama baba anayehesabu watoto wake. Mpangaji aliomba ruhusa, akafungua kioo, akaitoa saa ya vito na kuiweka kwenye kitambaa cheusi.

Shangazi akavaa miwani. Akaigeuza saa, akaipima uzito, akaisogeza mbali na uso.

"Huyu ndiye mimi?"

"Si wewe, Shangazi. Ni jina tu."

"Amevaa dhahabu zake zote kwa pamoja, kama mtu anayeogopa kuziacha nyumbani." Akairudisha mezani. "Mtoe. Hata Ijumaa mmechelewa."

Mpangaji akapumua. Kando yake, mkewe alikuwa amekwisha kumvaa mkononi yule binti mwembamba, na maswali yake yote yalikuwa yamekwisha.

Shangazi akainua macho, akatazama makabati ukuta hadi ukuta. "Na hawa wote ni wa baba mmoja?"

"Ni wangu, mama," Mkurugenzi alisema kwa fahari.

"Baba, hivi uzazi wa mpango hujausikia?"

Wauzaji wakageukia ukutani, mabega yakitikisika. Mkurugenzi alitaka kununa, akashindwa, akacheka mpaka akatoa leso.

"Lakini sikilizeni," Shangazi akaendelea, sasa hana utani. "Mtu mzima hatolewi kwa mlango wa nyuma. Muageni. Anayempenda aje amchukue kabla hajaondoka. Na asiondoke kwa jina langu."

"Tumwite Wifi?" mmoja wa wauzaji wa kike akauliza, akimtupia jicho mkewe Mpangaji.

"Thubutu!" akasema mwenyewe.

Wakakubaliana aondoke bila jina, ila kwa kuagwa vizuri, na Mkurugenzi akaahidi kutoleta wazo jingine mpaka kabati lipumue.

Walipofika nyumbani, Shangazi alipiga simu kwa kaka yake mkubwa, naye angewaeleza wengine.

"Yamekwisha," alimwambia. "Nimemsamehe. Nilimfuata hukohuko kazini, mbele ya bosi wake. Ndiyo, ameomba radhi kabisa."

Mpangaji akafumbua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu. Akafikiri: jamaa wakisikia kwamba alikosa akasamehewa, baada ya wiki watasahau. Wakisikia kwamba Shangazi alifunga mizigo kwa sababu ya saa, watamcheka mpaka kaburini, na mwanamke yule hakumsomesha ili aje achekwe. Akafumba mdomo.

"Nimekosa, Shangazi," alisema kwa sauti, simu isikie.

Kisha akalinyanyua begi kulirudisha chumbani. Ndani yake kitu kikagonga.

"Taratibu!" Shangazi akamaka, mkono juu ya simu. "Nimefunga na birika lenu."