Neno Likishavuka Mpaka

Wenzangu tuliozaliwa kabla ya barabara ya lami, mtanisahihisha nikikosea. Kule kwetu Isansa redio hatukuwa nayo, simu ndiyo usiseme. Habari ilipigiwa kelele kutoka kilima hadi kilima. Mtu akifiwa, ng'ombe akipotea, au mchungaji akitarajiwa Jumapili, mwenye habari alipanda kichuguu nyuma ya nyumba, akaweka viganja mdomoni na kuita, "Pokeeni!" Ng'ambo wakajibu, "Tumepokea, semeni!" Akishasema, yule wa ng'ambo aliyarudia maneno yote kama alivyopewa, ndipo akageuka kuyapeleka mbele. Kutoka kwetu yalikwenda kwa Nzowa, kwa Nzowa yakaenda kwa Halinga, kisha kwa mzee Mgala, kisha kwa mjane Esta Msongole, mwisho kwa Yohana Mwazembe, pale juu ya bonde. Hata mkiniamsha usingizini nitawataja kwa mpangilio huo huo, na wake zao na watoto wao.

Sisi watoto tuliipenda kazi hiyo kuliko kuchuma kahawa. Shambani vidole vinanata, nzi wanakusumbua, umejaza mdomo matunda mekundu unafyonza utamu wake. Ukisikia "Pokeeni!" kikapu chini, mbio kichuguuni. Baba akafoka, "Kahawa haichumwi kwa masikio!" Shule niliishia darasa la tatu, kwenye jengo la kanisa tulikokalia tofali mbichi, mvua ikivuja sketi zetu zote zinarudi nyumbani na udongo. Jioni ni kande, na wanasesere wetu wa magunzi tumewafunga mgongoni. Lakini kushika neno na kulitoa lilivyo, hilo nililisomea kichuguuni. Ukiongeza lako, mama alikufinya sikio: "Neno la watu si uji, usilitie maji." Watoto wa leo, ukimtuma chumvi dukani anakurudia na biskuti na hadithi ndefu.

Sasa niseme la hofu, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga kahawa ikiwa kwenye maua. Asubuhi shamba lote lilikuwa jeupe chini, harufu tamu ya maua yaliyopondwa hadi kichwa kinauma. Shamba la Leya, mke wa Sefania, peke yake lilipona. Leya alikuwa jirani yetu, mama mpole, kila tukipita alitutilia karanga za kukaanga mikononi. Basi mama Eliza, ambaye hakubakiwa na ua hata moja, alipanda kichuguu chake akaita, "Pokeeni! Leya ndiye aliyeita mawe!"

Nao wakapokea. Wakarudia neno kwa neno, bila kutia maji, kama tulivyofundishwa wote. Nilikuwa nimesimama na Leya uani kwake, ungo mkononi mwake. Tulilisikia jina lake kwa sauti ya Nzowa, kisha kwa sauti ya Halinga, mbali kidogo, kisha dogo kama la ndege. Hakulia. Aliinamisha ungo tu, karanga zikamwagika, kuku wakaja kula.

Kwetu kulikuwa na dawa ya jambo hilo. Mzee Mgala, aliyekuwa mkubwa wa kilima, alimwamuru mama Eliza alirudishe neno. Kurudisha neno ni kulifuata kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa njia ile ile lililopita. Kila mlango unasimama na kusema, "Nililowapa nimekuja kulichukua." Wanakumiminia maji kiganjani, unasukutua, unatema nje ya ua, nao wanajibu, "Hapa halipo tena." Tangu hapo, atakayelitamka kwenye nyumba ile analipa mbuzi. Mama Eliza alikwenda, watoto tukimfuata nyuma tunacheka, wapumbavu sisi. Alitema kwa Nzowa, akatema kwa Halinga, kwa Mgala mwenyewe, kwa Esta. Kwa Yohana Mwazembe alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Yohana alikuwa ameondoka alfajiri na mkewe na watoto, amevuka mpaka kwenda Rhodesia kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Ameondoka na neno.

Mzee Mgala alisema, "Hilo limevuka. Tumwachie Mungu." Kuanzia siku hiyo, akija mgeni kutoka migodini na baiskeli yake na blanketi jipya, sisi tulimkimbilia, Leya alifunga mlango. Mimi nilikwishakuwa mwari ndipo mtoto wa Yohana alipokuja kusalimia. Amekaa anakula, amenawiri, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na yule mama wa mawe, bado yupo?" Vijana waliozaliwa baada ya mvua ile wakasikia. Wiki hiyo paa la Leya lilichomwa. Yeye na Sefania wakahamia Ileje, milimani, sikumwona tena.

Basi ninaishi Tunduma sasa, kwa mjukuu wangu Neema, anayefanya kazi na mawakala wa forodha. Mwaka jana alileta kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye kona ya sebule, inaunguruma kutwa. Nikamuuliza ni ya nini.

"Bibi, hii ni kazi ya zamani kuliko mimi," akasema. "Vikundi vya habari. Watu walikuwa wakiandikiana hivi kabla ya hizi simu. Unaandika kwako, kompyuta yako inaipa ya jirani, ya jirani inaipa ya mbele. Kila mmoja anabaki na nakala yake. Hakuna mwenye mali."

"Na anayepokea anaongeza lake?"

"Haongezi hata nukta. Tumeifufua sisi wanne. Mimi hapa, Joji kule Mpemba, Anna kule Vwawa, Bwalya ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Tena tumeiunganisha na hii mitandao mipya isiyo na bosi, kwa hiyo inafika hata Ulaya."

Mnielewe, nilifurahi. Nikamwambia hicho ni kichuguu, mwanangu. Akacheka, akawaandikia wenzake. Jioni alinisomea: bei ya mahindi Mbozi, foleni ya malori imefika wapi, nani kafiwa. Nikimsikia anataja msiba nami nataja ukoo wa marehemu hadi babu. Kitu kimoja kilinipa ubaridi. Alisema wenzao wa zamani walifutiana maneno kwa hila, mtu anajifanya wewe anafuta ulichoandika. Kwa hiyo wao wameziambia kompyuta zao zisikubali kufuta. "Hakuna mkubwa atakayetufutia, bibi!" Alijivuna kweli.

Tabita ni rafiki yangu wa Mpemba. Tunasali pamoja. Ujane wake wote amechomea madereva wa malori mahindi kando ya barabara, na moshi umemwachia macho mekundu kama nyanya. Mwezi uliopita alimpa mtoto wa jirani ndizi, jioni mtoto akashikwa na homa. Mtu mmoja, kwa jina la uongo, akaandika kwenye kikundi kile: Bibi Tabita wa Mpemba, mwenye macho mekundu, anakula watoto. Mtoto alipimwa, malaria, akapona, sasa hivi anapiga mpira. Lakini neno lilikwisha kupokewa.

Neema alinisomea, kisha akasema, "Nimefuta kwangu, bibi. Nimetuma ombi lifutwe kote. Kompyuta zimekataa. Tulivyoziambia, ndivyo zilivyofanya."

Nikamwambia vaa viatu.

Tulikwenda na pikipiki, mimi na magoti yangu haya. Mpemba, Joji alifuta kwa mkono wake mimi nimesimama nyuma ya kiti. Vwawa, Anna alisema, "Bibi si ungepiga simu tu?" Nikamjibu, "Simu haioni kama umefuta." Akafuta. Tukavuka Nakonde, Bwalya akatupa viti, akatupa maji, akafuta, akasema pole mama. Maji yale niliyasukutua nikayatema nje, wakaniangalia kama nina wazimu. Neema peke yake ndiye aliyeelewa, akainama.

Njiani kurudi nikamuuliza, "Wamebaki nani?"

"Waliopokea kwa Bwalya. Na waliopokea kwa hao. Kwenye ile mitandao mipya."

"Wanaitwa nani?"

"Sijui, bibi. Kweli sijui."

Mimi niliyezishika nyumba zote za kilima, sina jina hata moja la kuanzia.

Tabita nimemhamishia kwangu. Amekuja na sufuria moja na Biblia. Kutwa tunachambua maharage mlangoni, tunazungumza ya Isansa, anacheka hadi meno yote mawili yanaonekana. Jana pikipiki ilisimama nje, vijana wawili juu yake. Tunduma hii pikipiki husimama kila dakika. Tabita aliacha maharage, akaingia ndani, nikasikia komeo. Kijana mmoja akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnamtafuta nani?"

Aliangalia mlango, akaniangalia mimi, akaangalia simu yake. "Hatumtafuti mtu, bibi. Tumesimama tu." Wakasimama hivyo kidogo, kisha wakaondoka polepole, yule wa nyuma amegeuza shingo.

Zamani hata mtu aliyekuchukia ulimjua sauti yake, ukajua kilima chake na baba yake, ukatuma wazee kwake na jogoo mkononi. Tulikuwa maskini, lakini uovu wetu ulikuwa na mlango wa kubisha. Leo Neema anaipangusa kompyuta yake vumbi, hajui aizime au aiache. Nami nakaa na kiti changu mlangoni, macho barabarani, nikimwuliza kila kijana anayesimama ni mtoto wa nani.