Sababu ya Kubadilisha Mstari

Mwongozo wa dawa za pamba tunauandika wawili: mimi niko Bariadi mjini, na dada mmoja wa kazini yuko Nkololo. Kila mtu anaandika kwenye kompyuta yake, halafu programu inaunganisha kazi zetu na kutunza matoleo yote ya nyuma. Mimi napenda sana kuyachungulia.

Siku moja programu ikagoma, kwa sababu wote tulikuwa tumebadilisha mstari uleule. Mimi niliufupisha: "Usichunge kwenye shamba lililopuliziwa dawa." Yeye aliurefusha, akataja hata majani ya palizi ya shamba hilo yanayotupwa njiani. Nikatakiwa kuchagua mmoja. Wangu ulikuwa mzuri bwana, hata mwenye haraka angeusoma.

Kabla sijaufuta wake, nikafungua pale tunapoandika sababu ya kubadilisha. Alikuwa ameandika: "Ndama wetu amekufa."

Nikampigia. "Pole, dada. Alikuwa wa rangi gani?"

Akacheka kidogo. "Wewe nawe na maswali yako. Mweusi, ana baka jeupe usoni."

"Alikula yale majani ya njiani?"

"Hayohayo."

Nikaubakisha mstari wake wote, na urefu wake.