Fundi wa Nyumba za Kuchomwa

Kila asubuhi, kabla hajanywa kahawa wala kufungua mlango wa duka, Bong Khiun Sen hulifungua kabati la kioo lililoko chumba cha nyuma, huinama, huingiza kichwa chote ndani na kunusa. Anatafuta harufu ya ukungu. Belinyu ni mji wa mvua, na karatasi kuukuu ikianza kuoza hutoa harufu siku nyingi kabla doa halijaonekana. Akisharidhika hulifunga kabati taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

“Wenzako wananusa wake zao,” mkewe Bui Fa humwambia kutoka jikoni.

“Mke wangu haoti ukungu.”

“Wewe ngoja tu.”

Sen ni fundi wa vitu vya kuchomwa, kama alivyokuwa baba yake. Anajenga nyumba za karatasi zenye mbavu za mianzi, nzuri kiasi kwamba watoto hulilia kuingia, na watu huzinunua, huzibeba hadi makaburini na kuzitia moto ili waliokufa wazipokee huko waliko. Zamani waliagiza nyumba, farasi na mtumishi. Siku hizi wanataka pikipiki, friji, simu pamoja na chaja yake. Mwaka jana mtu mmoja alimwagizia marehemu baba yake gari, Sen akauliza kama mzee alijua kuendesha. Hakujua. Basi Sen akamwongezea dereva wa karatasi bila malipo, akamchora uso wa mtu mtulivu asiyependa mwendo kasi.

Ndani ya lile kabati, hata hivyo, hamna kitu cha kuchomwa. Mna mikataba ya vibarua walioletwa na meli kutoka China enzi za Waholanzi, waje kuchimba madini ya bati katika kisiwa hiki cha Bangka. Walifungwa na karatasi miaka mitatu mitatu hata kabla hawajaiona nchi yenyewe. Nusu ya mji ni wajukuu na vitukuu wao. Habari zao husimuliwa mezani kama habari za mvua ya mwaka fulani, kisha watu huendelea kula.

Sen aliikuta mikataba hiyo ndani ya farasi. Ofisi moja ya zamani ya mgodi ilipofungwa, makaratasi yake yaliuzwa kwa uzito, na baba yake, ambaye hakuwa na muda wa kusoma mambo ya watu, aliyachukua kwa magunia. Karatasi ya Waholanzi ilikuwa ngumu, haikulegezwa upesi na gundi ya unga wa muhogo, na ilifaa sana kukazia miguu ya farasi. Baba aliikata vipande vyembamba, akavibandika kwenye mianzi, juu yake akaweka karatasi ya rangi. Farasi wengi wakaenda makaburini hivyo hivyo. Kisha siku moja paa lilivuja juu ya farasi aliyekuwa akimsubiri mteja wake. Rangi ikachuruzika, na Sen, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule, akaona kwenye paja la farasi alama ya dole gumba la mtu. Pembeni yake palikuwa na jina, Tjhia Fut Kiong. Aliliangalia mpaka gundi ikakauka kwenye ndoo na baba yake akamfokea.

Tangu hapo amekuwa akikusanya. Alivibandua vipande vilivyobaki dukani kwa mvuke wa birika. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Wengi walikuwa wamechoma makaratasi yao miaka ile maandishi ya Kichina yalipopigwa marufuku, lakini wachache walipanda ngazi hadi darini na kumshushia kitu kilicholiwa na panya. Akikipata chochote hukisafisha kwa brashi laini, hukilaza kati ya karatasi safi, na jina likiwepo hulinakili kwa mwandiko wake mzuri wa fundi na kulibandika kwenye kioo cha kabati. Watu wakija kuagiza friji la marehemu husimama hapo na kuonyesha kwa kidole: huyu ni wetu, huyu ni wa upande wa mama.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Mkataba mzima hakuwahi kuwa nao. Alikuwa na vichwa bila miguu na miguu bila vichwa. Ule mstari unaosema nini kitatokea miaka mitatu ikiisha hakuwahi kuusoma hadi mwisho, maana mkasi wa baba yake ulipita hapo kila mara, na panya nao, ungedhani walikuwa wamepatana.

Ilikuwa imebaki kama wiki mbili kufika Cheng Beng, sikukuu ya kusafisha makaburi, Bibi Nyuk Moi alipoingia dukani. Bibi Moi aliuza samaki sokoni maisha yake yote, na ingawa sasa wanawe wamemkataza, bado anaongea kama mtu anayetaka kumaliza kabla samaki hawajaharibika. Hana kawaida ya kuuliza. Husema tu.

“Nataka nyumba. Ya babu yangu. Iwe na baraza, hakuwahi kuwa na baraza.”

“Ya ghorofa, Bibi?”

“Ghorofa hapana. Ana magoti mabovu.”

Sen akaandika. “Na mtumishi?”

“Mmoja. Asiwe mrembo sana, bibi yangu yuko huko huko.”

Bui Fa, aliyekuwa akikata karatasi nyekundu, alicheka hadi mkasi ukamponyoka. Bibi Moi hakucheka. Alifungua kitambaa alichokishika kwapani, akatoa bahasha, na kutoka ndani yake akakunjua karatasi moja kubwa, akailaza mezani katikati ya vipande vya mianzi.

“Na hii itachomwa pamoja na nyumba,” alisema.

Sen alifuta mikono kwenye kaptula, mbele na nyuma, kisha akaifuta tena. Karatasi ilikuwa na pembe zote nne. Upande mmoja Kiholanzi, upande mwingine Kichina, jina la Liu Nyit Sin juu, dole gumba chini, na katikati hapakuwa na hata tundu la sindano.

“Ananijia ndotoni,” Bibi Moi aliendelea. “Bado ana mti begani na vikapu viwili, bado anapanda kutoka shimoni. Karatasi yake tumeikalia sisi, ndiyo maana wenye mgodi hawamwachii. Mwaka huu namrudishia.”

“Naomba niisome, Bibi.”

“Soma. Macho hayaichubui.”

Akasoma upande wa Kichina, kidole kikipita hewani juu ya maandishi bila kugusa. Akaufikia ule mstari. Atakapomaliza muda wake, yuko huru kwenda apendako. Basi, ulikuwa huo tu, mfupi kuliko alivyowahi kudhani. Aliusoma tena na tena, na kwa ruhusa ya Bibi Moi akaupiga picha kwa simu. Kisha bibi akaikunja karatasi kufuata mikunjo yake ya zamani.

“Nitakuja nayo mwenyewe siku yenyewe. Humu kwako kuna gundi nyingi.”

Siku zilizofuata Sen alijenga nyumba ya Liu Nyit Sin kwa bidii ya mtu aliyekasirika. Aliweka baraza, akaweka viti viwili barazani, akaweka meza ndogo na birika. Mara kwa mara alishusha pumzi kwa nguvu.

“Si umwombe,” Bui Fa akamwambia.

“Nimwombe nini? Nimwambie asimrudishie babu yake kitu chake?”

“Picha si unayo?”

“Picha ya wali haishibishi.”

“Basi nuna, lakini usinipulizie karatasi zangu.”

Wakaendelea na kazi. Bui Fa alikuwa akibandika mlango wa friji la mteja mwingine, na kama kawaida yake, mikono ikishughulika mdomo nao hautulii.

“Mimi huyo babu namhurumia,” alisema. “Jirani tumempelekea friji, atapata friji. Yule wa pikipiki atapata pikipiki yake. Yeye masikini anapelekewa mkataba. Watamshika tena miaka mitatu.”

Akacheka peke yake. Brashi ya Sen ilikuwa imesimama hewani, gundi ikidondokea gotini.

“Sema tena.”

“Nilikuwa natania.”

“Bui Fa, sema tena ulivyosema.”

Hakuna fundi wa kazi hii asiyejua kwamba kinachochomwa hufika jinsi kilivyo. Ndiyo sababu Sen haweki mlango uliokwama kwenye nyumba wala hamchori mtumishi akiwa amenuna. Na bado siku zote hizo hakuliona jambo lenyewe, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye karatasi, si kwa mtu aliyekuwa anapelekewa.

Mchana huo huo alipanda pikipiki hadi kwa Bibi Moi. Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, akivunja vichwa vya dagaa kwa kasi. Sen alichuchumaa mbele yake akasema aliyokuja nayo, na kwa kuwa alijua anaonekana kama mtu anayeitaka ile karatasi, aliyasema vibaya, akirudiarudia.

“Bibi, karatasi ile si ya kumwachia. Ni ya kumfunga. Ukiichoma, inafika. Wenye mgodi wakimwona nayo mkononi watamwambia karibu tena.”

Bibi Moi aliendelea kuvunja vichwa.

“Inayotakiwa ni ya kumwachia,” Sen alisema. “Hiyo naweza kuitengeneza. Maneno yake yapo humo humo kwenye mkataba.”

“Fundi mwenye kabati la makaratasi,” alisema Bibi Moi hatimaye, akimwambia dagaa aliyemshika, “anatoka kwake juani kuja kunikataza nisichome karatasi.”

“Najua inavyosikika, Bibi.”

“Inasikika hivyo hivyo.” Akazoa dagaa viganja viwili, akawatia kwenye mfuko. “Mpe mkeo. Yeye anajua kuwapika.”

Ndiyo ikawa ruhusa ya kuondoka. Sen alirudi nyumbani bila kujua kama amekubaliwa au amefukuzwa. Walikula dagaa wale kwa pilipili na nanasi, wakawa watamu sana, na hilo nalo lilimchanganya.

Hata hivyo karatasi ya kumwachia aliitengeneza. Alichagua karatasi yake ngumu kuliko zote, akachora pambo la pembeni kama lile la mkataba, akaandika kwa brashi: Liu Nyit Sin amemaliza muda wake, yuko huru kwenda apendako. Kiholanzi hakujua, akanakili mistari miwili kutoka kwenye picha akiamini ni ya heshima. Kilichobaki kilikuwa muhuri, na muhuri mzuri huchongwa kwenye mpira.

“Kandambili yangu!” Bui Fa alipiga kelele.

“Ni ya kushoto tu.”

“Na ya kulia nitaivaa na nini, na kiatu cha harusi?”

“Nitakununulia mpya. Tazama lakini, tazama ulivyotoka.”

Bui Fa akatazama. Muhuri ulikuwa mwekundu, wa duara, wenye mamlaka yote ya serikali iliyokwisha kufa. “Umependeza,” alikiri. “Na kama bibi ataichoma na ile nyingine?”

“Basi nitaomba hii yangu iwe juu,” Sen alisema, na alipolisema hilo alishangaa kuona kwamba ndilo alilolitaka hasa.

Asubuhi ya Cheng Beng, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, kilima cha makaburi kilikuwa kimejaa watu, mishumaa myekundu na moshi. Sen na mwana mkubwa wa Bibi Moi waliibeba nyumba juu juu hadi kwenye kaburi la Liu Nyit Sin, wakaiweka kando ya kuku wa kuchemsha na machungwa. Wajukuu waliizunguka wakichungulia.

“Babu ana birika!”

“Toa kidole, utamvunjia mtumishi.”

Sen akampa Bibi Moi ile karatasi mpya kwa mikono miwili. Bibi aliisoma, midomo ikitembea, hadi kwenye muhuri. Akaupitishia kidole. Akainama mwenyewe, magoti yakilia, akaiweka barazani juu ya kiti kimoja, akawasha kiberiti. Moto ulishika baraza kwanza, ukapanda paa. Mianzi ikapasuka kwa mlio na watoto wakaruka nyuma wakicheka. Bahasha yenye mkataba ilikuwa bado kwapani mwa bibi. Paa likaanguka ndani, wanaukoo wakasema imeungua vizuri, haikuinama upande. Kama bibi alikuwa na cha kutupa motoni, huu ndio ulikuwa wakati wake. Sen aliyakazia macho makaa, hakumwangalia wala hakumwomba.

Makaa yakawa majivu. Wengine wakaanza kumenya machungwa. Bibi Moi akaja akasimama kando yake, akachomoa bahasha na kumnyooshea. Sen akaishika ncha moja. Bibi hakuiachia ncha ya pili, ingawa vidole vyake vilikuwa tayari vimelegea.

“Siku ile ulipokuja uani kwangu,” alisema, “ulikuwa unamhurumia babu yangu au ulikuwa unaitaka hii?”

“Nilianza kwa kuitaka, Bibi,” Sen alisema. “Huruma ilinijia baadaye, nikichonga muhuri.”