Kwa Kinywa Chake Mwenyewe

Kezia mkutubi alikuwa mtu wa kushika neno, na hilo ndilo lililomponza. Pale Ikoma kila mtu anaijua maktaba yake, chumba kimoja chenye bati jekundu kando ya barabara iendayo kwenye geti la hifadhi, magari ya watalii yanapita yakiwatimulia wasomaji vumbi. Vitabu vingi ni vya shule, viti ni vya plastiki. Lakini Kezia hakuwa na kichwa cha kutulia. Alitafuta washirika wakubwa akawapata: makumbusho fulani, na kituo kimoja cha kuhifadhi kumbukumbu huko mjini. Wao walete mitambo na utaalamu, yeye awalete wazee, ili nyimbo na hadithi za Kiikoma zisizikwe pamoja na wenyewe. Jamani, nani angekataa jambo jema kama hilo?

Wazee walikataa! Tena kwa sababu. Miaka michache nyuma mgeni mmoja aliurekodi wimbo wa kina mama wa hapo, akashukuru sana, akaenda zake. Wimbo ukaja kusikika kwenye tangazo la hoteli. Aliyekuwa ameuongoza ni Bibi Nyangi, mke wa Mzee Joram, mwanamke mwenye mdomo wake, akiongea nyumbani kwake huko mnadani wanasikia. Kezia alipomwendea, bibi alimkazia macho.

"Mjukuu wangu, safari hii mtu asiitoe sauti yangu huko mnakoiweka mpaka mimi niseme ndiyo. Mimi, kwa kinywa changu. Wala wanangu wasinisemee! Hawa nawajua, wakinunuliwa soda wanakubali."

Watu walicheka sana, Kezia naye akacheka, lakini neno akalishika. Kwenye makubaliano ya taasisi zile tatu alilipigania hadi wakubwa wakachoka naye: sauti haitoki, hata kwa ndugu, mpaka mwenyewe atamke, na arekodiwe akitamka. Wazee wakaridhia, wakarekodiwa, Bibi Nyangi akiwemo. Na kuonyesha kwamba hana hila, siku ya kukabidhi sauti kwa kituo Kezia alizifuta nakala zote za maktaba mbele ya wazee. Bibi Nyangi akampigia vigelegele. Siku hiyo Kezia alijiona mtu, na kwa nini asijione?

Masika yaliyofuata, kiharusi kikamwangusha Bibi Nyangi. Kilichukua upande wote wa kulia, na ulimi nao kikaondoka nao.

Sasa sikia balaa lenyewe. Mzee Joram ni kipofu, macho yalimwisha siku nyingi. Kwake yeye mke alikuwa ni sauti: ya kumwita chakula, ya kumwonya kuna jiwe mbele, ya kugombana naye kutwa nzima kwa raha zao. Bibi aliporudishwa kutoka hospitali akiwa hasemi, mzee alikataa katakata kwamba ni yeye. Wakamshikisha mkono wa kulia wa bibi, uliokuwa ukimwongoza siku zote, akaupapasa, akauachia.

"Huu umekufa ganzi. Mkono wa Nyangi unashika. Mmeniletea mgonjwa wa watu, mke wangu mmempeleka wapi?"

Binti yao, Ester, aliapa. Mchungaji akaja, naye akaapa. Si kwamba mzee alikuwa amerukwa na akili. Siku ya wiki aliijua, na ng'ombe wake aliwatambua kwa mlio. Ni hilo moja tu halikumwingia. Na Bibi Nyangi yupo palepale kitandani, masikio mazima, anamsikia mumewe akimwulizia kila kukicha. Mungu wangu, hebu jiweke wewe hapo.

Ester ndiye aliyeikumbuka maktaba. Simu za ukoo mzima zilijaa picha za mama yake, sauti hakuna hata moja.

"Dada Kezia, tupatie ile sauti," alisema. "Tumshikishe baba mkono wa mama huku anamsikia mama akiongea. Ataelewa tu."

"Hilo tu? Wiki hii hii utaipata," Kezia akamjibu, na alikuwa anaamini anachokisema.

Akapiga simu makumbusho. Wakampa pole, wakasema sauti zipo kituoni. Akapiga kituoni.

"Ipo, dada, nzima kabisa," bwana aliyepokea simu akasema. "Tunangoja idhini ya mwenyewe tu."

"Mwenyewe hawezi kusema!"

"Na makubaliano hayaruhusu ndugu."

"Nayajua makubaliano! Si mimi niliyewashikia bango?"

"Tunakumbuka, dada," akajibiwa kwa upole, na upole ule ukamkata maini.

Sharti lingeweza kubadilishwa, ndiyo, kama wazee wote waliorekodiwa wangeridhia. Kezia akawazungukia mmoja mmoja, jua la utosi. Shikamoo, marahaba, halafu kichwa kinatikiswa. Walimlilia Bibi Nyangi kwa dhati, lakini hawakusogea. "Leo tukilegeza kwa huruma, kesho watalegeza kwa hela," mmoja akamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha." Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Kituo hakikuwa na roho mbaya, afadhali kingekuwa nayo, angepata wa kumchukia. Kilimtuma ofisa wake, Revocatus, hadi Ikoma na kompyuta yake, na sauti ya bibi ikiwa humo ndani, imefungwa. Wenzake mjini wangeifungua kwa mbali mara tu wakisikia bibi ametamka kwamba anakubali. Neno moja lingetosha.

Mzee Joram aliambiwa leo atamsikia mkewe. Akavaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Ester akamwegemeza mama yake kwenye mito. Revocatus akasogeza kinasa sauti. "Shikamoo bibi. Unakubali sauti yako itolewe?"

Bibi Nyangi akatikisa kichwa chini na juu, wazi kabisa, mara mbili.

"Amekubali!" Ester akaruka. "Mmeona wote!"

"Nimeona, dada yangu," Revocatus akasema, uso umemshuka. "Lakini wao watasikiliza, hawataona. Bibi, jaribu. Ndiyo tu."

Kezia alijikuta naye anausogeza mdomo wake, ndi-yo, ndi-yo, kama anamfundisha mtoto, machozi yanamtiririka. Bibi akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka sauti nzito ya kukoroma, kama ndama aliyekabwa na kamba. Akajaribu tena. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote, ikajaza nyumba.

Mzee Joram akasimama. "Jamani! Huyo mgonjwa anateseka hivyo na nyinyi mnamhoji? Hamna hata haya?"

Mzee akageukia mlangoni, sauti ikamlainika.

"Nyangi! Nyangi we! Njoo umpe huyu mama wa watu maji."

Akatega sikio, akasubiri. Kitandani, Bibi Nyangi akafunga mdomo, na hakujaribu tena.