Mwalimu Aliyemuua Shemeji Vitabuni

Mwalimu wa kemia alikuwa mtu wa chaki. Hata kuku wa kitoweo alimpeleka kwa jirani akachinjiwe. Shemeji yake alipompiga mkewe, dada yake mwalimu, mpaka akakata roho, na mahakama ikasema ushahidi hautoshi, mwalimu hakurusha hata jiwe. Alimbeba mpwa wake, mtoto wa kunyonya, akaenda kumlea. Kisha akaanza kuandika.

Aliandika nyuma ya darasa, akisimamia mitihani. Katika riwaya ya kwanza shemeji alinyongwa kwa waya. Ya pili, sumu. Ya tatu, mchi wa kinu kisogoni: pigo moja, chali, kimya. Alibadilisha majina tu. Wasomaji wakavigombania vitabu, ualimu akauacha, na kila sura ikasomwa kwanza na mpwa wake. Heri angempa hadithi za sungura!

Binti huyo alikuwa kidato cha tano asubuhi ile shemeji alipoupiga mlango teke, panga mkononi.

"Umeniua mara ngapi wewe? Mtaa mzima unanicheka!"

"Shemeji, kaa tuongee..."

Panga likamchana bega. Mwalimu akaangukia meza, damu ikalowesha karatasi. Panga lilipoinuliwa tena, mpwa akatoka jikoni na mchi, akamtwanga baba yake kisogoni.

Hakuanguka. Aligeuka, akamkodolea macho bintiye. Likaja la pili, kisha la tatu, kichwa kikalia kama nazi. Akaenda chini akikoroma, miguu ikipigapiga sakafu.

"Mjomba, mbona hafi? Si uliandika pigo moja?"

Mwalimu aliona aibu kuliko maumivu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ukelele mmoja ungeleta machela. Lakini yule akipona, angemtaja binti. Baba mzazi, mapigo matatu, nani angemhurumia? Mwalimu akamnyang'anya mchi, akaukamata kwa mkono mzima, akamketisha.

"Nani kampiga?"

"Mimi, mjomba."

"Hapana. Nani?"

"Wewe... mjomba."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Bombani. Nateka maji."

"Rudia."

Binti akarudia huku analia. Alipokosea, mwalimu alimsahihisha taratibu kwa sauti yake ya darasani, akamrudisha mwanzo, tena na tena, mpaka mkoromo ukakatika. Ndipo alipofungua dirisha, akaita watu.